Mwalimu wa Ubishi

Wengi waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa ukali. Mimi namkumbuka kwa uongo. Alisema uongo kila asubuhi ya kazi, mbele za watu, bila kupepesa macho, na ole wako ukimwitikia.

Alikuwa msimamizi wangu wa shahada ya uzamifu, katika maabara ya utafiti wa saratani hapa London. Sisi wa Kiswahili tulimwita Mwalimu. Ni Mzanzibari, mwanamke mfupi, na koti lake jeupe lilimfika karibu na vifundo vya miguu kwa sababu stoo haikuwa na saizi yake na yeye hakutaka kwenda kuomba. Mimi ni Mkenya wa Lewisham. Mama yangu alinileta huku nikiwa shule ya msingi, na Kiswahili changu, alisema Mwalimu, kilimkumbusha mtu anayebomoa ukuta. Siku ya kwanza aliponiambia hivyo nilicheka. Baada ya mwaka mzima wa kuambiwa nilikuwa sicheki tena.

Uongo wake ulikuwa hivi. Umekaa mbele ya kompyuta, umefungua grafu ya majaribio yako ya wiki nzima. Anakuja, anasimama nyuma ya kiti chako, anatazama kidogo, kisha anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Masha Allah, seli zako zimekufa zote. Dawa imefanya kazi." Na seli hazijakufa. Zimeacha tu kugawanyika, na katika kazi yetu hayo ni mambo mawili tofauti, maana kilichokufa hakirudi, lakini kilichosimama kinaweza kuanza tena siku mgonjwa anapomaliza dawa. Wewe unajua hivyo, na yeye anajua kwamba unajua. Ukisema "Ndiyo, Mwalimu," umekwisha. Anageuka anakwenda zake, na mpaka adhuhuri hatakujibu hata salamu.

"Hazijakufa, Mwalimu, zimesimama." Hilo ndilo jibu alilolitaka, na alilitaka kwa sauti, umemtazama usoni, bila kuchekacheka, bila "samahani" kutangulia wala "nadhani" kufuatia. Ukilitoa vizuri alifungua kopo la zamani la aiskrimu alilokuja nalo kazini, akakupa kileja, kile kibiskuti cha unga wa mchele cha kwao. "Haya, kula," alisema. "Leo umekuwa mtu."

Mimi jambo hilo lilinitesa. Kwetu mtu mzima akikosea unanyamaza, unasubiri ufike nyumbani ndipo umcheke. Nilikuwa na shahada mbili na sijawahi hata mara moja kumwambia mtu wa rika la mama yangu kwamba amekosea. Miezi ya kwanza nilikula vileja vichache sana.

Nilikutana naye kabla sijapata nafasi. Ufadhili niliouomba ulikuwa wa wahitimu Weusi wanaotaka kufanya uzamifu katika utafiti wa saratani: unalipiwa ada, unapewa posho ya kuishi, unapewa msimamizi na meza mpaka umalize. Sababu ya kuwepo kwake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kuingia katika jengo lile. Weusi tulikuwa wengi mno pale. Tulikuwa langoni, mapokezi, jikoni, kwenye ndoo za kupigia deki, na katika wodi za chini, vitandani, ambako sampuli zetu zilitoka. Ukipanda lifti kwenda maabara tulipungua ghorofa baada ya ghorofa, na kule juu, kwenye vyumba vya wakubwa, alibaki Mwalimu peke yake.

Idara yetu ilikuwa na nafasi moja kwa mwaka. Jopo likiona hakuna anayefaa, nafasi inabaki wazi, na miaka mingine ilibaki wazi kweli. Hicho ndicho alichokitaka Mwalimu maishani: kila mwaka mtu mmoja apite mlango ule asirudishwe. Sikuwahi kumwona akitaka kitu kingine kwa nguvu ile. Hakutaka cheo, hakutaka nyumba kubwa, hata kustaafu alikuwa akikuahirisha.

Kwa hiyo aliwafanyisha mazoezi waombaji kabla ya mahojiano. Idara ilimruhusu, kwa masharti kwamba mlango uwe wazi kwa mwombaji yeyote atakayetaka. Nilimkuta kwenye chumba kidogo karibu na friza za sampuli, mahali ambapo pia aliswalia, msala wake umekunjwa juu ya kabati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachukua grafu yangu ya shahada ya pili na kuweka kidole juu yake.

"Hapa zimekufa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akapiga meza kwa kiganja. "Zimekufa?"

"Hapana."

"Sasa hiyo 'ndiyo' yako ni ya nini?"

"Ni heshima tu, Mwalimu."

"Heshima!" Alilitamka neno lile utadhani limemchoma ulimi. "Mwanangu, nyumbani kwenu heshima ni heshima. Mle ndani wataiandika ujinga. Unanifahamu? Wataandika: huyu hajui kazi yake."

Akanihadithia palepale habari za binti mmoja wa Kitanzania, wa zamani, kabla ufadhili huu haujaanza, aliyekuja kuomba nafasi nyingine katika jengo lilelile. Profesa mmoja wa jopo aliichanganya grafu yake. Mstari wa seli zilizopewa dawa aliuona ndio wa zisizopewa, na juu ya kosa hilo akajenga swali refu. Binti alijua. Kazi ilikuwa yake, alikuwa ameifanya kwa mikono yake majira ya baridi yote. Lakini profesa alikuwa mzee, na alikuwa akizungumza kwa furaha, na binti akaona aibu kumkata kauli. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ndiyo, asante. Akamsaidia hata kueleza kosa lenyewe. Walipoandika sababu ya kumkataa, waliandika kwamba haelewi matokeo yake mwenyewe.

"Ulikuwepo, Mwalimu?"

"N'likuwepo. Mie n'likuwa katika jopo."

"Wewe ulisema nini?"

Alirudisha macho kwenye grafu yangu. "Tuanze tena," alisema. "Hapa zimekufa."

Nafasi nilipata. Siku ya mahojiano mzee mmoja wa jopo alikosea jambo dogo kuhusu kipimo cha dawa, nami nikamwambia kwamba amekosea. Sauti ilinitetemeka na mikono niliificha chini ya meza. Yule mzee alitabasamu kama mtu niliyempa zawadi. Hilo nalo liliniudhi, na linaniudhi hadi leo. Kumbe walikuwa wanapenda kubishiwa! Kumbe ndio mtihani wenyewe, na hakuna aliyetuambia. Mama zetu wametumia utoto wetu mzima kutufundisha tusiwajibu wakubwa, wakatupiga kwa ajili hiyo, wakajivunia mbele ya majirani kwamba watoto wao wana adabu. Halafu tunafika mlangoni, na adabu ileile ndiyo inayotufungia mlango. Watoto wa hao maprofesa wamelelewa wakibishana na baba zao mezani tangu wanajifunza kushika kijiko, na wakifika pale wanaitwa wenye vipaji.

Nikimwambia Mwalimu haya alisema, "Kasirika ukimaliza kazi."

Yeye mwenyewe hakufadhiliwa na mtu. Uzamifu wake aliufanya huku akilinda zamu za usiku katika nyumba ya wazee, akitoka huko anakuja maabara na viatu vilevile. Hakupenda kuyasimulia hayo. Mwanafunzi mmoja alipomwambia kwamba hadithi yake inatia moyo, alimjibu kwamba haitii moyo wowote, ni ujinga wa watu waliomwacha mtu mzima asilale, na kama wanataka kutiwa moyo waende kanisani. Kisha akakumbuka kwamba mwenzake ni Mkristo wa kwelikweli, akamwomba radhi na kumpa vileja viwili.

Kila mwaka walikuja wapiga picha. Walitutoa kwenye maabara yetu kwa sababu ilikuwa na vitu vingi, wakatuingiza kwenye nyingine nyeupe, wakatupa makoti mapya ambayo hatukuwahi kuyaona kabla na hatukuyaona tena. Mimi nilipewa kichupa chenye maji mekundu. Niliambiwa nikiinue kwenye mwanga, nitazame mbali, nionekane mwenye matumaini. Niliuliza mle ndani mna nini. Kijana wa taa akasema ni rangi ya keki.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama nikisubiri aseme neno. Alisema, kwa Kiswahili, ili wao wasielewe: "Cheka, mwanangu. Picha hii ndiyo inayoleta nafasi ya mwakani."

Nikacheka. Picha ikatoka kwenye jarida la chuo, nikiwa nimeishika rangi ya keki kwa matumaini. Mama yangu aliikata, akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni kwetu Lewisham, juu ya televisheni. Kila mgeni anayetoka kanisani lazima aoneshwe. "Huyu ndiye msichana wangu anayetafuta dawa ya kansa," anasema. Mgeni anauliza nimeshika nini pale. "Si ndiyo dawa yenyewe?" anajibu mama, na mimi nakwenda jikoni.

Picha zilikuwa nyingi kuliko kazi. Tukimaliza uzamifu walitupigia makofi, wakatupa maua, kisha wakatuaga. Ajira za kudumu zilikuwa na wenyewe. Mimi nilibaki kwa mkataba, unaokwisha na kuongezwa, unaokwisha na kuongezwa, na picha yangu ikaendelea kutumika kwenye matangazo yao ikisema kwamba hapa ni nyumbani kwa kila mtu.

Jumamosi moja Mwalimu alinichukua twende Woolwich. Kulikuwa na ukumbi wa kanisa karibu na soko, na mchungaji alimruhusu azungumze na watu baada ya mkutano wao. Tulikuwa tunatafuta wanaume Weusi wa kutoa damu kwa utafiti wa saratani ya tezi dume, ambayo inawapata wenzetu zaidi na bado damu zilizomo kwenye friza za watafiti ni za watu wengine. Nilitegemea Mwalimu atawahimiza. Hakuhimiza. Aliwaambia damu itakwenda wapi, nani ataishika, kipi hakijulikani, na kwamba anayekataa asijieleze. Mama mmoja alikataa kwa niaba ya mumewe aliyekuwa amekaa pembeni yake, na Mwalimu akasema sawa, asante, mama.

Kulikuwa na mzee mmoja Mkenya, dereva wa basi mstaafu, aliyevaa suti na tai. Yeye alikuwa tayari mgonjwa, alikuja kusikiliza tu.

"Nilienda kwa GP," alisema. "Nikamwambia mkojo unanisumbua. Akasema hiyo ni old age. Nikamwambia yes, doctor, thank you."

"Ukajua si uzee?" Mwalimu aliuliza.

"Nilijua."

"Ikawaje usimwambie, baba?"

Mzee alifikiri. "Amesoma," alisema. "Na alikuwa na haraka, si unajua. Nikaona nisimsumbue. Nikarudi tena, akasema vilevile, nikamshukuru tena."

Niliinuka nikaenda kusimama nje, kwenye kelele za soko, kwa maana nilikuwa nataka kupiga mtu na hapakuwa na mtu wa kupiga. Nilipomwona mzee yule na tai yake nilimwona mama yangu. Mama akiulizwa na daktari anaendeleaje husema yuko fine, hata akiwa hawezi kuinua mkono. Huona aibu kumpotezea daktari wakati.

Ndani ya basi la kurudi, tulipokaribia kituo chake, Mwalimu alinigeukia. "Nyinyi mnakosa nafasi," alisema. "Wale wanakosa roho zao. Adabu ni hiyohiyo moja." Alishuka bila kuaga, na mimi nilipitiliza kituo changu.

Baada ya siku ile sikulalamika tena juu ya uongo wake. Nilianza hata kuufurahia. Alidanganya kuhusu rangi, kuhusu majina ya jeni, kuhusu nani alivumbua nini. Tulimbishia midomo ikiwa imejaa vileja.

Lakini msifikiri alikuwa mtu wa kubishiwa. Ubishi alioutaka ulikuwa wa kazi tu. Nilipomwambia kwamba pilau ya Mombasa inaishinda ya Unguja alininunia siku nzima, na safari hiyo hapakuwa na jibu lolote la kumrudisha. Kiswahili ndiyo usiseme. Ila alikuwa na duka lake la kudumu huko Kenton, la Mhindi mmoja mzaliwa wa Tanga, na alisafiri kutoka upande wa pili wa London kwenda kununua mbaazi kwake. Nilimsindikiza mara moja. Walibishana kwa Kiswahili kuhusu mbaazi, kuhusu mvua za Tanga, kuhusu nani hasa alikuwa mwalimu mkuu wa skuli fulani, Mwalimu amepandisha sauti, mkono kiunoni, Mhindi anapiga kaunta, foleni nyuma inasubiri na kucheka. Alitoka mle amenawiri. Nilimtazama nikajiuliza mwanamke huyu anakwenda wapi tukiingia katika vikao vya idara.

Kwa sababu kikaoni mwanamke yule hakuwepo. Mwenyekiti wa jopo, ambaye pia aliongoza vikao hivyo, alikuwa mzee mpole wa sauti ndogo aliyekuja kazini kwa baiskeli na kuiweka kofia yake ngumu juu ya meza mbele yake. Siku moja alifuta fedha za wanafunzi wetu za kwenda kwenye kongamano, kwa sentensi moja, akifungua karatasi inayofuata. Mwalimu alisema, "Thank you, Chair." Sisi tulikuwa tumekaa ukutani tukimtazama. Mimi nilikuwa nimekwisha andika hotuba yangu ya kongamano lile.

Alipotoka nje ndipo alipolipuka. Alisimama mbele ya lifti akaitukana kwa Kiswahili, matusi ya kizamani, mazuri, mengine sikuwahi kuyasikia. Mshenzi mkubwa, hana haya, amekula utu wake.

"Mwalimu," nilisema, "hiyo ni lifti. Yeye yuko mle ndani."

"Nyamaza."

"Wewe si ndiye unatufundisha? Kila asubuhi, mpaka tunaota! Ati mtazame usoni, usiombe samahani. Wewe mbona hukumtazama usoni?"

Alikunja mikono ya koti lake. Kisha akaniambia kwamba Mwenyekiti ndiye aliyekuwa msimamizi wake zamani zile za zamu za usiku, wakati hakuna mtu mwingine katika jengo zima aliyekubali kumchukua. "Ndiye aliyenipa meza," alisema.

Meza! Nilikwenda nyumbani na neno hilo likinichemsha damu. Mtu amepewa meza moja, ubao na miguu minne, halafu kwa ajili hiyo anaufunga mdomo wake maisha yake yote. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Mwenyekiti. Mwenyekiti sikumtegemea. Lakini nilijua pia kwamba mimi mwenyewe meza yangu nimepewa na Mwalimu, na kwamba nimemfokea karibu na lifti. Kesho yake alikuja na kopo lake, akanipa kileja.

Mwaka huu niliwekwa kwenye jopo kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jopo la mwisho la Mwalimu, maana hatimaye alikuwa amekubali kustaafu. Tulikuwa wanne: Mwenyekiti, Mwalimu, mimi, na profesa mmoja mwanamke ambaye muda wote alitazama simu yake chini ya meza. Mwombaji aliyesalia alikuwa binti wa Kipemba, mzaliwa wa London, mmoja wa hawa wanaosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amefanya mazoezi kwa Mwalimu wiki nzima. Niliwasikia nikipita karibu na friza, mmoja akidanganya kwa Kiswahili, mwingine akikataa kwa Kiingereza.

"Hizi zimekufa."

"No, Mwalimu. They've stopped."

"Zimekufa, n'nakwambia!"

"They haven't, though."

Ndani ya mahojiano Mwenyekiti alimwambia kwamba kazi yake ni nzuri lakini hakuweka kundi la kulinganishia, la seli zisizopewa dawa, na jaribio lisilo na kundi hilo halina thamani. Lilikuwepo. Lilikuwa kwenye ukurasa uliofuata. Binti alimtazama usoni, akasema lipo, akanyoosha mkono akaufunua ukurasa huo mbele yake na kumwonesha. Hakucheka wala hakuomba radhi. Mwenyekiti alisema aa, kweli, lipo. Chini ya meza nilikuwa nimekunja ngumi kwa furaha.

Binti alipotoka, Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Ana akili," alisema. "Lakini ni mbishi. Sina hakika kama anafundishika." Akapendekeza kwamba mwaka huu nafasi ibaki wazi.

Tulipokubali, walisema hatujui kazi yetu. Mwenzetu amekataa, tena kwa haki, na sasa hafundishiki. Sasa tukae vipi? Tuingie na uso upi? Mimi nilipombishia yule mzee wa mwaka wangu nilichekewa kwa kuwa nilitetemeka. Huyu hakutetemeka, na kosa lake lilikuwa hilo.

Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu, akamwuliza maoni yake.

"Nakubaliana na Mwenyekiti," Mwalimu alisema. "Labda asubiri mwaka mmoja, akomae kidogo."

Niliinua kichwa. Sauti ilikuwa ileile ya asubuhi, ya upole kabisa. Nikajiambia: anadanganya. Ananisubiri mimi.

"Si kweli," nilisema.

Nilisema mengi. Nilisema swali lilikuwa la makosa na jibu lilikuwa sahihi, na kama tunamnyima mtu nafasi kwa kuwa sahihi basi tumwandikie hivyo kwa maneno hayohayo, na mimi sitaweka sahihi yangu. Nilisema Mwenyekiti amekosea. Nilisema Mwalimu naye amekosea. Sikuomba samahani, na mikono yangu ilikuwa juu ya meza.

Mwenyekiti aliigeuza kofia yake. Profesa wa simu aliinua macho, akasema kwamba kwa kweli yeye aliona binti amejibu vizuri. Mwenyekiti akasema basi, kama wengi mnaona hivyo. Binti akapewa nafasi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na wepesi huo ndio ulionitia uchungu kuliko yote.

Nilimfikia Mwalimu karibu na lifti. Nilikuwa natweta na kucheka.

"Mwalimu, ungenionya! Kunijaribu mbele ya watu wote wale! Nilikaribia kuamini."

Alibonyeza kitufe. Alikuwa amekumbatia faili lake kifuani, na koti lake refu lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Ulikuwa uongo," nilisema. "Sivyo?"

"Hapana, mwanangu."

"Kwa hivyo uliamini maneno yale? Kwamba akomae?"

"Sikuyaamini. N'liogopa."

Lifti ikaja, tukaingia wawili tu. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilimfikiria yule binti wa Kitanzania na grafu yake, na miaka ile ambayo nafasi ilibaki wazi, na chumba kile, kofia juu ya meza, na mimi sipo mle.

"Yule wa ile grafu, uliyemnyamazia," nilisema. "Hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake."

"Wengine ni akina nani?"

Nilidhani atasema kwamba amesahau, kwamba ni zamani sana. Alitazama mlango wa lifti, akaanza kuwataja. Alitaja jina la kila mmoja na la baba yake, kwa sauti ya chini, bila kusita. Huyu alikuwa wa Woolwich. Huyu mama yake alikuwa muuguzi. Huyu alitaka kusoma saratani ya damu kwa sababu ya kaka yake. Lifti ilifika chini, mlango ukafunguka, watu waliokuwa wakingoja wakasogea pembeni kutupisha tutoke, na Mwalimu alikuwa bado hajamaliza.